Kumi Toa Sita

Dundee, alfajiri ya Novemba,
ukungu umepanda kutoka mto Tay
hadi ndani ya mikono ya koti.
Kwa bawabu Farquhar nasaini funguo,
nachukua ndoo, matambara, dawa ya buluu,
navuka barabara, napanda ngazi tisini na mbili,
na huko juu, mlangoni mwa maabara,
ndiko iliko mashine ya kunitambua.
Ikinitambua, mshahara unaamka.
Kabla ya hapo mimi ni mtu anayetembea na ndoo.

Robo saa. Nani atalilia robo saa?
Miezi minne nililalamika kwenye chumba cha chai.
Beatriz akalalamika, Oksana akasonya,
birika likachemka, tukasuuza vikombe,
malalamiko yakabaki humo humo na makapi ya majani.

Nikamwendea Gillespie, msimamizi, ana kwa ana,
maana kanuni yao inasema anzia hapo,
na hata kwetu Muheza
mtu hushtakiwa kwanza kwake mwenyewe.
Hakuwa mkali. Alitazama skrini,
akasema, "Mfumo ndivyo ulivyo,"
kama asemaye habari za mvua.

Catriona wa chama cha wafanyakazi
alikuja na baiskeli, kofia inachuruzika,
akaniuliza neno moja: "Umeandika?"
"Nakumbuka," nikamwambia.
"Kukumbuka ni kwako peke yako.
Usiandike 'kila siku'. Andika Jumanne.
Usiandike 'ananidharau'.
Andika alichosema, na nani alisikia."
Nikacheka. Mama yangu, muuza vitenge,
alikuwa akigonga kaunta kwa kalamu:
mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari la pauni moja.
Siku themanini na tatu, mstari kwa mstari.
Barua ikaenda Idara ya Utumishi;
walikuwa na siku kumi za kujibu,
wakajibu ya kumi na tisa.
Hilo nalo nikaliandika.

Kikaoni: meza ndefu, jagi la maji,
biskuti zisizoguswa na mtu.
Mwenyekiti, profesa wa miamba, akavaa miwani.
"Umeandika ulichukua funguo saa kumi.
Daftari la bawabu linasema saa nne.
Siku zote themanini na tatu. Tuamini lipi?"

Kimya. Gillespie akaangalia viganja vyake.
Catriona akaomba mapumziko,
wakatupa, we acha tu, robo saa.

Ukumbini, chini ya picha za wakuu wa zamani,
nikalifungua daftari nikaliona kosa,
wala si kosa:
mkono uliandika kama ulivyofunzwa,
siku ikianza na jua
na saa moja ikiwa saa ya kwanza ya mwanga.
Nilikuja huku na sanduku na saa hii.
Sanduku lilishakatika mpini, likatupwa.

Nikarudi, sikukaa.
"Kumi toa sita," nikasema. "Ngapi?"
Profesa akahesabu kwa midomo. Nne.
"Fungua ukurasa mwingine. Kumi toa sita."
Nne. Kwa bawabu, nne.
Akaendelea mwenyewe, kidole juu ya mistari,
Desemba, Januari, hadi Machi,
na hakuna aliyemharakisha.

Walilipa siku zilizomo daftarini.
Ile miezi ya chumba cha chai, hapana;
tumekata rufaa, tunangoja.
Mashine imeshushwa, iko kando ya bawabu.
Samahani haikuandikwa popote. Niliitafuta
hata nyuma ya karatasi.

Jana Gillespie alinikuta nasaini.
Kikombe mkononi, macho mekundu:
kumbe naye huamka saa zetu.
Akatazama saa ya ukutani, akachezesha midomo.
"Kumi?" akauliza.
"Kumi na dakika mbili," nikamjibu. "Umechelewa."

Hilo sikuliandika.